Unaanzaje kukusanya stempu za zamani za dawa na viberiti

Wanaoniuliza waanzie wapi nawaambia anzeni na karatasi. Wengi wakipata stempu ya hivi wanaangalia picha tu, ikiwa nzuri basi wanafurahi, kumbe karatasi ndo inayosema ni ya lini na ilipe bei gani.

Hizi ni stempu za ushuru za Marekani, za barua ni kitu kingine. Walikua kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe, serikali inataka hela, basi kuanzia Oktoba 1862 chupa ya dawa ya dukani, na kuanzia Septemba 1864 pakiti ya kiberiti pia, lazima ibandikwe stempu, kama hii ya TRA, mamlaka yetu ya mapato, tunayoiona leo kwenye pombe kali. Kampuni ikitaka inachongesha ya kwake yenye jina lake na inapata punguzo, ndo unakuta kwa dawa J.C. Ayer wa Lowell na Hostetter, na kwa viberiti Swift & Courtney. Ushuru ulifutwa Julai 1883, wa dawa ukarudi tena 1898.

Sasa ishike na kibano, vidole vina mafuta, nenda nayo dirishani. Za mwanzo karatasi ni ya kawaida tu. Ukiona vijiuzi vya rangi vimelala ndani kama vinywele, hiyo ni karatasi ya hariri, ilianza 1871. Ya pinki ni 1877 na 1878. Baada ya hapo ikaja yenye alama ya maji, yaani alama iliyo ndani ya karatasi inayoonekana ukiiinua kwenye mwanga, herufi USIR (kifupi cha ofisi ya ushuru ya Marekani), na kwenye stempu ndogo hupati herufi zote, unapata kipande tu. Mi nilikaa na ya kiberiti ya senti 1 miezi mingi najua ni ya kawaida, asubuhi moja hapa Uyole, Mbeya, ukungu umeondoka jua limewaka, nikaiinua, nikaona mguu wa R umejitokeza mweupee. Nilikaa chini kabisa. Kwahiyo ukinunua mtandaoni mwambie muuzaji akupigie na picha ya nyuma, akikataa achana nae.

Kuchanika usikuogope sana. Stempu ilibandikwa pale pakiti inapofungukia ili ukifungua tu ichanike, isitumike mara ya pili, kwahiyo nzima ni chache, hela nyingi weka kwenye hizo. Angalia pia sehemu iliyochunika nyuma, kwenye mwanga inang'aa kuliko penginepo.

Selotepu na gundi hapana kabisa. Na sisi wa huku unyevu ndo adui, Tukuyu na Njombe mnajua wenyewe masika yalivyo, albamu isikae sakafuni wala isiegemee ukuta, weka kabatini juu na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Siku kavu ifungue ipate hewa, ila usiianike juani, rangi itapauka.