Ukienda kwa Louis Armstrong, usikimbilie jikoni

Wanaopita New York na wanapenda jazi, panda treni namba 7 mpaka kituo cha 103rd Street–Corona Plaza, halafu tembea kidogo hadi 107th Street, katika eneo la Queens. Nyumba ya Louis Armstrong, mpiga tarumbeta na mwimbaji maarufu wa jazi, ambayo sasa ni makumbusho, iko pale katikati ya nyumba za watu wa kawaida. Mkewe Lucille aliinunua mwaka 1943, Armstrong mwenyewe akiwa safarini na bendi. Waliishi hapo mpaka Armstrong alipofariki mwaka 1971.

Kata tiketi mapema mtandaoni. Huingii peke yako: mnaongozwa kwa vikundi vidogo, kwa muda uliopangwa, na si kila siku pamefunguliwa.

Wengi hupiga kelele wakiona lile jiko la buluu na bafu la vioo (ni vya kupiga kelele kweli), kisha chumba cha kazi wanakipita mbiombio. Hapo ndipo pa kutulia. Armstrong alikuwa akijirekodi nyumbani kwa tepu, akiongea, akicheka, akipuliza tarumbeta, na ameacha mamia ya tepu hizo. Muongozaji huwa anachezesha vipande, kwa hiyo nyamaza usikie sauti yake ndani ya chumba chake. Ukutani kuna picha yake iliyochorwa na mwimbaji Tony Bennett.

Ukitoka, vuka barabara. Jengo jipya la makumbusho hayo, Louis Armstrong Center, lililofunguliwa 2023, lina maonyesho, na tarumbeta zake ziko huko.