Umeruka mkojo, umekanyaga mavi: namna ya kuwajibu wanaokulaumu kwa vepu

"Umeruka mkojo, umekanyaga mavi." Hilo ndilo neno la kwanza nililoambiwa siku niliyotoa vepu, ile sigara ya umeme, mfukoni mwa kanzu pale barazani, baada ya magharibi, mbele ya watu sita na birika la kahawa. Ilikuwa siku yangu ya nne sijagusa sigara. Nilikuwa nimevuta pakiti moja kwa siku kwa miaka 22, kwa hiyo siku nne zile kwangu zilikuwa ndefu kuliko mwezi wa Ramadhani. Nilipandwa na hasira, nikajibu kwa maneno makali, nikaondoka bila kuaga. Nilipofika Mkunazini nikanunua sigara moja ya rejareja nikaivuta nimeegemea ukuta, mkono unatetemeka.

Nakuandikia wewe uliyetoka kwenye sigara ukashika vepu, ili neno la mtu lisikurudishe ukutani kama lilivyonirudisha mimi. Mimi ni fundi wa kushona kanzu, mzaliwa wa Wete, nimekaa Unguja mjini miaka mingi. Si tabibu. Nimesoma, nimeulizwa mengi na nimekosea mara kadhaa.

Kabla ya kufungua mdomo, jiulize unajibu kwa ajili gani. Ukijibu ili umshinde mtu, utashindwa hata ukipata hoja nzuri, maana utaondoka umechemka, na aliyechemka hutafuta sigara. Jibu kwa nia ya kwamba leo usiku ulale bila kuivuta. Basi. Mwenzako akiondoka anaamini vilevile alivyokuja, huna ulichopoteza.

Pili, ujue ulichokishika mkononi, usiwe unatetea kitu usichokijua. Sigara inaungua. Ukiivuta, ncha yake hufikia joto la nyuzi 900 hivi, na moto ule ndio unaotoa lami inayoganda mapafuni na hewa ya kaboni monoksaidi inayoingia kwenye damu. Moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati ya hizo zinajulikana kuleta saratani. Vepu haina moto. Betri inapasha moto koili, yaani kijiwaya, koili inageuza kuwa mvuke majimaji ya glisirini na propilini glaikoli yaliyotiwa nikotini na ladha. Lami haimo. Daktari mmoja wa Uingereza, Michael Russell, aliandika mwaka 1976 kwamba watu huvuta kwa ajili ya nikotini lakini kinachowaua ni lami. Mie niliposoma maneno hayo niliacha kushona, nikakaa nayo kitambo.

Lakini usiseme ni mvuke wa maji tu. Si kweli. Ndani yake mna nikotini inayokufunga vilevile, mna vitu vingine vinavyoudhi njia ya hewa, na hakuna mtu duniani aliyevuta vepu kwa miaka 40 tukamtazama. Hon Lik, mfamasia wa China, alitengeneza ya namna hii mwaka 2003. Kwa hiyo ukiulizwa, "Na baadaye itakufanya nini?", jibu la kweli ni hili: "Sijui, na hakuna anayejua yote. Lakini sigara tunajua imefanya nini, na mimi nilikuwa humo." Neno moja tu ninalolishikilia ni nafuu. Nafuu si salama. Ukitamka "salama" mara moja, mwenye kukulaumu atakuwa na haki juu yako.

Sasa tuje kwa watu wenyewe, maana kila mmoja ana mlango wake.

Yupo aliyesikia habari. Huyu atakwambia vijana wa Marekani wamekufa kwa mapafu baada ya kuvuta vepu. Usimkatalie, maana ni kweli. Ilikuwa mwaka 2019. Hadi Februari 2020 walihesabiwa watu 2,807 waliolazwa au kufa, na waliokufa ni 68. Lakini wengi wao walikuwa wamevuta majimaji yenye kilevi cha bangi, mengi ya kuuziana mitaani, yaliyochanganywa na mafuta ya vitamini E, na mafuta hayo ndiyo yaliyokutwa mapafuni mwao. Namwambia hivyo kwa utulivu, kisha naongeza jambo ambalo habari ile imenifunza na mimi: sinunui chupa isiyo na maandishi, sichukui ya kuchanganyiwa na mtu, siazimi ya rafiki. Akiona umepata faida kutokana na neno lake, hasira inamtoka.

Ukikutana na mtu kama huyu usimtupie ile hesabu ya asilimia 95. Taasisi ya afya ya umma ya England ilisema mwaka 2015 kwamba vepu ina madhara pungufu kwa asilimia 95 hivi kuliko sigara. Wengi wanaoitetea vepu wanaipenda hesabu hiyo. Mimi siitumii. Ilikuwa makadirio ya wataalamu waliokaa wakapima kwa fikra, watu wamebishana nayo tangu hapo, na ukiitaja barazani, mazungumzo yatakuwa juu ya hesabu badala ya juu yako.

Yupo tabibu. Kwangu ni mtoto wa dada yangu, anafanya kazi spitali. Alinikalisha akaniambia: "Mjomba, nikotini inabana mishipa na kukimbiza moyo, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi kitu hiki kama njia ya kuachia sigara." Yote mawili ni kweli. Nilikuwa tayari na jibu langu: utafiti wa England uliotoka mwaka 2019, watu 886 waliotaka kuacha sigara. Baada ya mwaka, waliopewa vepu walikuwa wameacha 18 katika kila 100, na waliopewa plasta za kubandika na bazoka za kutafuna zenye nikotini ni 10 hivi katika 100. Akanisikiliza, kisha akanisomea mstari wa chini yake: katika wale waliofanikiwa kwa vepu, 80 katika 100 walikuwa bado wanaivuta mwaka ulipoisha. Wale wa plasta na bazoka, 9 tu katika 100 ndio waliokuwa bado wanazitumia. Nilinyamaza. Mtu mwenye elimu akikulaumu, usimjibu, muombe kazi. Nilimwambia, "Basi nipime presha kila mwezi, na nisaidie niitoke hii." Tangu siku ile hajanilaumu tena, ananifuatilia.

Yupo maalim. Hapa kuwa na adabu. Ukisikia kwamba katika fiqhi lipo jambo la kuchagua dhara jepesi kati ya madhara mawili, usilichukue ukaenda kumpigia nalo msikitini kana kwamba umesoma. Mimi nilikwenda kwa njia ya kuuliza. Nilimsalimia, nikamwambia, "Maalim, sijasema ni halali. Natoka kwenye kubwa, nimefika kwenye dogo, nataka kutoka na hapo. Unanisaidiaje?" Hakunibadilishia hukumu yake wala sikutaraji. Alinishika bega akaniuliza mchana wa Ramadhani nafanyaje, nami nikamwambia siigusi tangu alfajiri hadi magharibi, maana mvuke unavunja saumu kama moshi. Akasema, "Kumbe saa kumi na tatu na zaidi unaweza." Neno lile nimelitumia zaidi ya hoja zote nilizosoma.

Mgumu kuliko wote ni mvutaji mwenzako. Yeye hakulaumu kwa sababu anaogopa mapafu yako. Anakuambia, "Bora mie na sigara yangu, naijua," huku anakusogezea pakiti iliyofunguliwa, moja imechomoza kidogo. Huyu usimpe kemia yoyote. Jibu lake ni neno moja, "Sitaki," ukitabasamu, na mkono wako ushike kikombe cha kahawa ili usiwe mtupu. Baada ya lile tukio la Mkunazini nilihama baraza kwa wiki mbili. Baina ya magharibi na isha nilikaa kwa wacheza bao ambako hakuna avutaye. Rafiki zangu waliona nimenuna. Sikununa, nilikuwa najiokoa, na nilipokwisha kutulia nikarudi, nikawaambia hivyo hivyo.

Na huyo huyo rafiki wa mkojo na mavi ndiye aliyenikamata mwezi wa pili. Alinivuta pembeni, hakusema mbele ya watu, akaniambia, "Yakhe, asubuhi unavuta sigara dukani, jioni vepu hapa. Unavuta mbili." Kweli. Nilikuwa nimebakisha sigara tatu za asubuhi na nimejidanganya kuwa nimepunguza. Ukivuta vyote viwili, moto bado umo mwilini mwako kila siku na faida yenyewe unaitupa. Lawama ya namna hii usiitafutie jibu. Nilimwambia, "Umesema kweli, na Mungu akulipe." Kesho yake nilimpa yeye pakiti iliyobaki ili nisiwe nayo ndani ya nyumba. Ndipo nilipoelewa kwamba siku ya kwanza pia alikuwa ananihofia, ila alichagua maneno mabaya.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, alikuja dukani na suruali ya kufupishwa, akasema bila kunitazama: "Fundi, wanangu wanakupenda. Sasa wanacheza kwa kalamu, wanaitia mdomoni wanapuliza." Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nakaa kizingitini navuta ladha ya embe huku watoto wanapita kwenda skuli. Kama unavuta mbele ya watoto, ndani ya daladala, mlangoni kwa mtu, lawama zote zinazokujia ni halali yako, hata ukiwa na hoja nzuri kama dhahabu. Siku ile nikahamia nyuma ya duka, nikaacha na ladha tamu. Na chupa ya majimaji usiiache juu ya meza. Nikotini ile ikinywewa na mtoto mdogo ni sumu, na ile harufu ya pipi inamwita. Yangu ipo kwenye mtoto wa meza ya cherehani, na ufunguo uko shingoni.

Mwanangu mwenyewe, wa kidato cha pili, alinijia na maneno ya wenzake kwamba kitu hiki hakina madhara, mbona hata baba anavuta. Jibu la mwanao usilicheleweshe na usilifupishe. Niliacha kanzu niliyokuwa naitia darizi, nikamwambia: "Mimi nimetumbukia kisimani, hii ni kamba ninayopandia. Inanichuna mikono. Wewe umesimama juu, kwenye ukavu. Utashuka kisimani ili ushike kamba?" Akauliza inachuna vipi. Nikamwonyesha. Nilimpa vepu aiweke mbali, tukakaa, na tukatazama saa ya ukutani mpaka nilipoanza kugonga vidole juu ya meza. Dakika 40. Akasema, "Baba, irudishe." Sikuirudisha mpaka adhana.

Kuna mengine yanapita tu. Mtu asiyekujua akikutolea maneno njiani, mpe salamu uende zako. Wa kukutumia picha za mapafu kwenye simu, mwambie ahsante. Wenye kusema vepu inaleta ugonjwa wa mapafu uitwao "popcorn", yaani bisi, wana asili ya maneno yao: wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Missouri waligundulika mwaka 2000 wameumia kwa kuvuta ladha ya siagi iitwayo diasetili, na Uingereza imekatazwa kutiwa kwenye majimaji ya vepu. Soma chupa yako, ujue imetoka wapi.

Mama yangu nimembakisha mwisho kwa sababu kwake yeye sikujibu kwa maneno. Nilipanda boti kwenda Pemba wakati wa karafuu, nikamkuta Wete amekaa juu ya mkeka na kijaluba chake cha tambuu. Habari ilikuwa imeshafika kabla yangu. Nikambusu mkono. Akaniambia, "Mwanangu, nasikia umeacha kuvuta moto, sasa unavuta umeme?"

Nikamwambia, "Ndiyo mama. Ninuse."

Akanivuta kwa ukosi wa kanzu, akaleta pua, akakaa pale muda mrefu. Kwa miaka 22 kila nikifika alikuwa akifungua dirisha kabla hajanikaribisha, na shuka nililolalia lilikuwa likifuliwa peke yake. Akaniachia. Akasema, "Sabuni."

Kisha akauliza lini na hicho nitakiacha. Mtu anayekupenda akikuuliza lini, usimwambie "inshallah" ukaishia hapo, mpe mwezi. Nikamwambia nilianza na nikotini miligramu 12 kwa kila mililita, nimeshuka hadi 6, nitaingia 3, na nataka Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, unikute sina kitu. Akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, akaufunga mfuniko wa kijaluba.

Sasa kila Ijumaa baada ya sala ananipigia simu. Haniulizi habari za kazi kwanza. Ananiuliza, "Umefika ngapi?" Ijumaa iliyopita nilimjibu, "Tatu."