Gari limechoka: litengenezwe au liuzwe? Namna ya kuamua kabla hujatoa hela

Nimetoka kumsaidia jirani hapa Tabata, aliyeambiwa gereji kwamba injini ya IST yake imekufa. Kumbe ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kifuniko chake cha juu (hedi). Wengi wakiambiwa hivyo huuza gari kwa bei ya kutupa, au hununua injini wasiyoihitaji. Utaratibu wangu ni huu.

Hatua ya 1: Anza chini, si kwenye boneti

Gari likiwa juu, gonga chesisi kwa bisibisi, hasa sehemu za kuwekea jeki na pale shokapu za nyuma zinaposhika bodi. Bisibisi ikizama, usiendelee: liuze. Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa, lakini chesisi iliyoliwa na kutu ya pwani utaichomelea kila mwaka. Inua na kapeti. Ukikuta tope kavu, gari liliwahi kuzama kwenye mafuriko, na nyaya zitakusumbua.

Hatua ya 2: Pima kompresheni

Kompresheni ni nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Hapa usikubali sikio la fundi, hata awe mzoefu vipi. Dai geji ya kuipimia, tena ile inayofungwa kwa kuzungushwa kwenye tundu la plagi. Ya kushikilia kwa mkono huvuja na kusoma chini.

Betri iwe imejaa, kwani starta ikizunguka kivivu namba zote hushuka na utaihukumu injini nzima bila kosa. Pasha injini, zima, kisha toa plagi zote nne kwa pamoja, si moja moja. Chomoa soketi za koili na fyuzi ya EFI (mfumo wa kuingiza petroli) ili petroli isimwagike ndani. Mtu akanyage pedali ya mafuta mpaka mwisho wakati wa kupiga starta. Asipokanyaga, hewa haiingii ya kutosha, na majibu mengi ya uongo hutoka hapo hapo.

Andika namba ya kila silinda. Zikipishana kwa zaidi ya PSI 15 hivi (kipimo cha shinikizo kinachosomwa kwenye geji), kuna tatizo. Mwaga kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la silinda dhaifu, upime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimelika. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi imekatika katikati yao.

Ikiwa ni gasketi, hedi ipimwe unyoofu kabla ya kufungwa, na mtafute kilichochemsha gari. Maji ya kisima ya hapa Dar mengi yana chumvi, hula rejeta, weka kulanti (maji maalumu ya rejeta). Thamostati, ile inayodhibiti joto la maji ya injini, kama iling'olewa irudishwe.

Ringi zikiwa zimelika, mimi sipendi kuzibadilisha peke yake ndani ya silinda zilizochakaa. Afadhali injini ya yuzdi kutoka Japani, pale Gerezani, yenye risiti na garantii ya maandishi. Ukishafunga, nenda TRA wabadilishe namba ya injini kwenye kadi.

Hatua ya 3: Giaboksi

Oili yake ikinuka kuungua na gia zinachelewa kushika, ongeza gharama ya giaboksi kwenye hesabu.

Hatua ya 4: Hesabu

Orodhesha matengenezo yote ya mwaka mzima ujao, matairi na bushi zikiwemo. Usiyalinganishe na bei ya gari lako. Yalinganishe na fedha utakayoongeza ili upate jingine. Kwa gari la kuagiza, kuna ushuru wa forodha 25% na VAT 18%, kisha ushuru wa bidhaa, na nyongeza ya uchakavu kwa gari lenye umri mkubwa. Likishatoka bandarini, nalo litahitaji matairi na betri.

Matengenezo yasipofika nusu ya nyongeza hiyo, na chesisi ni nzima, tengeneza bila wasiwasi.

Yakizidi, uza mapema likiwa bado linatembea. Mpe mnunuzi karatasi ya namba za kompresheni, na uhamishe umiliki TRA kabla hujakabidhi ufunguo, maana faini za barabarani hufuata namba ya gari.