Namna ya kulinda maadili ya kazi tangu wiki ya kwanza kituoni: mwongozo kwa mwalimu mpya

Mwalimu anayepangiwa shule kwa mara ya kwanza hupokewa na mengi kwa wakati mmoja: barua ya kuripoti, ratiba ya vipindi, utafutaji wa chumba cha kupanga, na mara nyingi darasa lililojaa kupita alivyozoea wakati wa mazoezi ya kufundisha. Katika pilika hizo ni rahisi kudhani kwamba maadili ya kazi ni jambo la semina, ilhali siku tano za mwanzo ndizo zinazomzoesha mtu namna atakavyoishi na wanafunzi kwa miaka mingi. Mwongozo huu ninauandika kwa ajili ya mwalimu wa shule ya serikali Tanzania Bara. Kipimo ninachomshauri akishike ni kimoja: usimfanyie mwanafunzi jambo lolote ambalo hungekuwa tayari kuliandika katika daftari la shule, likasomwa na mkuu wako, na mzazi, na mtoto mwenyewe.

Kwanza, fahamu unawajibika kwa nani. Tume ya Utumishi wa Walimu iliundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015, nayo ndiyo inayosimamia utumishi, maadili na nidhamu ya walimu wa shule za serikali. Makosa mepesi hushughulikiwa na mwalimu mkuu au mkuu wa shule, na yale mazito hupelekwa kwenye ofisi ya Tume ya wilaya. Omba nakala ya kanuni za maadili ofisini na uisome yote kabla hujapangiwa zamu yako ya kwanza. Mwalimu wa shule binafsi ajira yake haiko chini ya Tume hii, lakini Sheria ya Elimu na Sheria ya Mtoto zinamhusu kama zinavyomhusu mwenzake wa serikalini.

Jambo litakalokujaribu mapema kuliko mengine ni fimbo. Utaingia katika ofisi ya walimu ambamo fimbo zimeegeshwa ukutani, na utaona wenzako wakizichukua bila kumuuliza mtu, kana kwamba cheti cha ualimu kinatoa ruhusa hiyo. Hakitoi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaelekeza kwamba adhabu hiyo itolewe na mkuu wa shule, au na mwalimu aliyepewa idhini na mkuu kwa maandishi. Kwamba viboko visizidi vinne. Kwamba uzito wa kosa, umri, jinsia na afya ya mtoto vizingatiwe. Kwamba mwanafunzi wa kike aadhibiwe na mwalimu wa kike pale anapokuwepo. Na kwamba kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Ukisoma masharti hayo pamoja utaona kwamba kuchapa darasa zima kwa sababu ya kelele, au kumchapa mtoto kwa kukosa jibu la hesabu, ni kutenda kinyume cha kanuni hata kama kila mtu shuleni anafanya hivyo.

Katika shule moja niliyofundisha miaka ya mwanzo, kitabu cha adhabu kilikuwepo kabatini lakini muhula mzima hakikuwa na hata mstari mmoja, ingawa viboko vilikuwa vya kila siku. Mzazi mmoja alipokuja na mwanawe, mkono wa mtoto umevimba, hakuna aliyeweza kusema ni nani aliyemchapa, lini, wala kwa kosa gani, na mtoto naye kwa hofu hakutaja jina. Mimi nilikuwa zamu wiki ile, na sikuweza kusema kwa hakika kwamba mkono ule haukuvimba kwa fimbo yangu. Tangu siku hiyo sijamgusa mwanafunzi kwa fimbo, na ninakushauri ufanye uamuzi huo mapema, kabla hujakasirishwa. Mwanafunzi akikosea, mwite baada ya kipindi, msikilize kwanza, andika kosa na maelezo yake, mpe kazi ndani ya eneo la shule inayolingana na umri wake, na kosa likijirudia mwite mzazi kupitia kwa mkuu wa shule. Kumtuma akuchotee maji nyumbani kwako si adhabu, ni kumtumikisha.

Suala la nyumbani linagusa hatari kubwa zaidi. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na ridhaa ya msichana aliye chini ya miaka 18 haitambuliki kisheria. Walimu wengi wanaijua adhabu hiyo. Wasichokiwekea mpaka ni vile vitendo vidogo vinavyotangulia. Usimpe mwanafunzi mmoja madaftari ya darasa akuletee nyumbani: sahihisha shuleni, au yabebe mwenyewe. Ukihitaji kuzungumza naye faragha, zungumzeni mahali mnapoonekana, mlango ukiwa wazi. Usimwandikie ujumbe wa simu usiku, hata wa masomo, bali tumia kundi la wazazi au tangazo la paredi. Ukiona mwenzako ameanza kuivuka mipaka hii, mwambie mkuu wa shule, kwa sababu ukikaa kimya utakuwa umeufanya usiri wake kuwa usiri wako.

Kuhusu tuisheni, tamaa ya kuongeza kipato inaeleweka, hasa kwa anayelipa kodi ya nyumba na kusaidia wazazi. Lakini mwalimu anayefundisha nusu ya mada darasani na kuibakiza nusu kwa wenye uwezo wa kulipa jioni anakuwa ameuza kitu ambacho tayari amelipwa mshahara ili akitoe kwa wote. Andalio lako la somo na daftari la mwanafunzi vikiwekwa pamoja vitaonyesha kama mada ilikamilika. Alama nazo, hasa za maendeleo zinazopelekwa Baraza la Mitihani, zisibadilishwe bila sababu iliyoandikwa na kusainiwa, na karatasi ya jibu ihifadhiwe. Picha za wanafunzi wako, matokeo yao na habari za familia zao hazina nafasi kwenye ukurasa wako wa mtandaoni.

Itakuja siku mtoto atakuambia kwamba anapigwa, anashikwa au anaingiliwa, pengine na mtu wa nyumbani kwao. Usimwahidi kwamba utaificha siri hiyo, kwa kuwa huwezi kuitimiza ahadi hiyo; mwambie utawaeleza wale tu wanaoweza kumsaidia. Usimhoji kwa kina wala usimfanye arudie maelezo mbele ya walimu wengine. Andika siku hiyohiyo maneno aliyoyatumia yeye mwenyewe, tarehe na saa, usaini, kisha umpelekee mkuu wa shule na mwalimu wa ushauri nasaha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kukiukiwa haki zake aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, kwa hiyo ofisi yenu isipochukua hatua, wajibu unabaki mikononi mwako: nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Kesho yake hakikisha mtoto amefika shuleni, na asipoonekana, usisubiri kipindi chako kiishe ndipo uanze kuuliza.