SOMO: Kuchagua safari ya kwanza ya meli ya kitalii Mediteranea, na bandari zake

Wadau, salaam. Swali la "nipande meli gani Mediteranea" linaulizwa kila mwezi, na kila mara majibu yaleyale yanaanza upya. Leo naliweka lote mahali pamoja. Someni hadi mwisho, halafu ulizeni.

Usianze na meli. Mabwawa ya kuogelea, maonyesho ya usiku na meza za chakula karibu zinafanana kwenye meli zote kubwa. Anza na ratiba ya bandari: kila bandari iko umbali gani kutoka mji uliotangazwa, meli inakaa saa ngapi, na viza yako inaruhusu mara ngapi kuingia Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja.

Hatua ya 1: Msimu. Mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Juni, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto la Rome na Athens hupita nyuzi 35, na likizidi, Akropoli hufungwa saa za mchana.

Hatua ya 2: Upande. Kwa mara ya kwanza napendekeza mzunguko wa magharibi wa usiku 7: Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia (bandari ya Rome), Napoli au Palermo, Palma de Mallorca. Meli hufunga gatini karibu kote, treni zipo, na kampuni kadhaa hukuruhusu kuanzia bandari yoyote ya mzunguko, kwa hiyo unachagua ile yenye ndege nafuu. Visiwa vya Ugiriki ni vizuri sana, lakini Julai na Agosti upepo mkali wa meltemi huvuma bahari ya Aegean, na meli inaweza kuruka Mykonos au Santorini kabisa. Mkataba wa tiketi unairuhusu kufanya hivyo, na unachorudishiwa kwa kawaida ni kodi ya bandari tu.

Hatua ya 3: Viza. Hapa ndipo safari nyingi hufia, kwa hiyo someni polepole.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15 lakini unaweza kufika 45. Omba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, omba kwenye nchi utakayoingia kwanza. Hesabu na usiku wa hoteli, kwa sababu siku mbili za Barcelona kabla ya meli zinaweza kuhamisha maombi kutoka Italia kwenda Hispania.

Sasa hatari yenyewe. Meli ikitoka Piraeus (bandari ya Athens), ikagusa Kuşadası (Uturuki) na kurudi Ugiriki kwenye kisiwa cha Rhodes, umetoka Schengen na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja imekwisha pale ulipotoka. Ni hivyohivyo kwa La Goulette (Tunis), Kotor (Montenegro), Istanbul na Limassol, maana Cyprus ni ya Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen. Malta imo, na Croatia imo tangu 1 Januari 2023. Kampuni hukagua viza zako kabla hujapanda. Zikipungua, unaachwa gatini na nauli hairudi. Kubaki ndani ya meli siku hiyo hakukuokoi.

Kwa hiyo: kwenye fomu omba kuingia mara nyingi, ambatisha ratiba yenye majina ya bandari na tarehe, na viza ikitoka soma sehemu ya idadi ya kuingia kabla hujaondoka dirishani. Bandari zilizo nje ya Schengen zina masharti yao. Pata jibu la kampuni kwa maandishi, likitaja uraia wako. Na usilipe nauli yote isiyorudishwa kabla ya viza. Chukua tiketi ya amana, ambayo salio lake hudaiwa kwa kawaida siku 60 hadi 90 kabla ya safari, na pasipoti iwe na angalau miezi 6 baada ya kurudi.

Hatua ya 4: Jina la mji kwenye tangazo. Meli haifiki Rome. Inafika Civitavecchia, takriban kilomita 75 hadi 80. "Florence" ni Livorno, kilomita 90 hivi. "Athens" ni Piraeus, na hiyo haina shida, metro inakufikisha katikati ya mji chini ya nusu saa. "Venice" ndiyo inayodanganya kuliko zote: tangu 1 Agosti 2021 meli kubwa zimezuiwa kupita mfereji wa Giudecca na mbele ya San Marco, kwa hiyo nyingi zinafunga Marghera, Trieste au Ravenna. Kutoka Ravenna ni zaidi ya saa mbili kwa basi.

Fanya hesabu hii kwa kila bandari. Chukua saa za gatini, toa saa moja ya kushuka, toa saa moja na nusu ya kurudi mapema, kisha toa usafiri wa kwenda na kurudi. Civitavecchia kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni ni saa 12; ukitoa vyote, Rome inakubakizia kama saa 6. Inatosha Colosseum na matembezi, au Vatikani. Si vyote viwili. Livorno kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni ni saa 9, na Florence inabaki na saa 3 tu za kukimbia. Siku hiyo nenda Pisa na Lucca, utafurahi zaidi.

Napoli meli inafunga mjini kabisa. Treni ya Circumvesuviana hufika Pompei Scavi kwa dakika 40 hivi, au Ercolano kwa 20; yote mawili ni magofu ya miji ya kale ya Kirumi. Watoto na wasiopenda jua wachague Ercolano. Magofu yake ni madogo na yamehifadhiwa vizuri zaidi.

Angalia pia alama ya "nanga" kwenye ratiba. Maana yake meli haifungi gatini, mnashushwa kwa mashua. Santorini, Villefranche na Cannes ziko hivyo. Ongeza saa nzima kwenye hesabu.

Hatua ya 5: Bei. Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja katika chumba cha wawili. Ukiwa peke yako utalipa karibu mara mbili. Ongeza ada ya huduma, kati ya dola 12 na 20 kwa mtu kwa siku, vinywaji, intaneti, ndege, viza, bima na usiku mmoja wa hoteli. Ugiriki nayo inatoza abiria wa meli tangu Julai 2025: Juni hadi Septemba ni euro 20 kwa kushuka Santorini au Mykonos, na 5 kwa bandari nyingine.

Hatua ya 6: Chumba. Katikati ya meli, ghorofa za chini, chini na juu yako pawe na vyumba vingine.

Hatua ya 7: Ndege. Fika siku moja kabla ya meli. Ndege ikichelewa, meli haisubiri.

Hatua ya 8: Saa. Ratiba huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 17:30 ni saa 11 na nusu jioni. Fuata saa ya meli, usifuate ya simu: kiangazi Tunis iko nyuma ya Italia kwa saa moja, na simu hujibadilisha yenyewe. Piga picha karatasi ya ratiba ya siku ya meli, yenye namba ya wakala wa bandari. Ukiachwa ukiwa kwenye matembezi ya kampuni, kampuni inakufikisha bandari inayofuata. Ukiachwa ukiwa kivyako, gharama ni yako.

---

MASWALI

Mpwapwa_Mjini: Somo zuri mkuu. Sasa jumla ni shilingi ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 5. Taja mwezi, bandari ya kuanzia na idadi ya watu, tutahesabu pamoja.

Chuma_cha_Pua: Hapo kwenye viza unatisha watu bure. Jirani yangu alienda Ugiriki na Uturuki na viza ya mara moja, hakuulizwa kitu.

Mwandishi: Uliza jirani Uturuki ilikuwa mwanzoni, katikati au mwishoni. Ukianzia Istanbul na kumalizia Piraeus, umeingia Schengen mara moja tu, na viza hiyo inatosha. Ukitoka Piraeus na kurudi Piraeus, haitoshi. Sijaandika kutisha mtu. Nimeandika kwa sababu anayezuiwa gatini amekwisha kulipa kila kitu.

Binti_Nyali: Asante sana kwa kazi hii. Nataka kumpeleka mama, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, ila kutembea polepole anaweza. Bandari gani zitamfaa?

Mwandishi: Dada, hili ni swali zuri. Tafuta ratiba yenye Valletta (Malta), Palma, Napoli na Genoa. Valletta ina lifti ya Barrakka karibu na gati, inapanda kama mita 58 hadi bustani ya juu yenye mandhari ya bandari yote. Palma chukueni teksi hadi kanisa kuu, mengi yako tambarare. Barcelona kuna basi kutoka gatini hadi mnara wa Columbus, mwisho wa mtaa wa La Rambla. Kotor mji wa ndani ya ukuta ni tambarare. Ngome ya mlimani, ngazi zaidi ya 1,300, aiache. Dubrovnik ina ngazi nyingi, na kuta zenyewe ni karibu kilomita 2 za kupanda na kushuka. Epuka ratiba zenye alama ya nanga, maana kuingia kwenye mashua bahari ikichafuka kunahitaji kuruka, na mabaharia wana haki ya kumkatalia. Santorini kuna lifti ya waya hadi mji wa Fira, lakini foleni yake ni ndefu, na njia nyingine ni ngazi karibu 590 zilizojaa punda. Kiti cha magurudumu uombe wakati wa kukata tiketi.

Binti_Nyali: Mungu akubariki. Na chakula? Mama hali nyama isiyo halali.

Mwandishi: Andikeni ombi wakati wa kukata tiketi, si siku ya kupanda, na mpate jibu kwa maandishi. Bila jibu hilo, chukulia nyama si halali. Samaki, mayai na mboga hazikosekani, lakini kwenye meza za Kiitaliano na Kihispania nguruwe huingia hata kwenye mchuzi wa tambi na supu ya dengu. Aulize mhudumu mkuu jioni ya kwanza. Wengi hukupa orodha ya kesho uchague mapema.

Mswahili_Ohio: Mimi nina pasipoti ya Tanzania na green card ya Marekani. Viza sihitaji, sivyo?

Mwandishi: Unahitaji. Schengen inaangalia pasipoti. Faida yako ni kwamba unaombea hukohuko unakoishi, na kadi hiyo uibebe kwa ajili ya kurudi.

Muscat_Seeb: Na mimi Mtanzania mwenye ukaazi wa Oman?

Mwandishi: Hivyohivyo, omba Muscat. Ukaazi wako uwe hai hadi baada ya tarehe ya kurudi.

Mpwapwa_Mjini: Septemba, Barcelona, watu wawili.

Mwandishi: Sawa kabisa. Nitumie ratiba mbili unazozipenda, tutazipitisha kwenye hesabu ya hatua ya 4 kwanza, kisha bei.

Fundi_Soketi: Naongeza: soketi za meli nyingi ni za Ulaya, pini mbili za duara. Chaja zetu za pini tatu haziingii bila adapta. Na waya wa kuongezea wenye kinga ya umeme hunyang'anywa wakati wa ukaguzi.

Mwandishi: Kweli, na pasi pia. Wanaovaa kanzu watafute meli yenye chumba cha kupigia pasi, au walipe dobi wa meli.

Binti_Nyali: Kuta za chumba nasikia ni za chuma?

Fundi_Soketi: Nyingi ndiyo. Beba ndoano 4 za sumaku, utatundika kofia, mitandio na nguo mbichi. Chumba hakina kabati la kutosha watu wawili.