Kugeuza Shamba Lililotolewa Kuwa Msitu wa Hifadhi wa Kijiji

Mzee wa Rondo au Kilwa, mkoani Lindi, anapotoa shamba lake la mikorosho iliyozeeka liwe hifadhi, maandishi yatangulie: yeye na warithi wake watie saini mbele ya Halmashauri ya Kijiji, kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji uridhie, kwa kuwa ugomvi wa ardhi huzuka mara nyingi baada ya mazishi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake, na ofisa misitu wa wilaya atasaidia kuandaa ramani, mpango wa usimamizi na sheria ndogo.

Msikimbilie kununua miche. Visiki na mizizi ya mninga na mpingo huchipua vyenyewe mvua zinapoanza. Kwa kila kisiki bakizeni chipukizi moja au mawili yaliyonyooka, mengine mkate kwa panga, na mchomeke kijiti kando yake ili wanaofyeka nyasi wasiyaguse.

Adui mkubwa ni moto wa kiangazi. Mvua zikiisha, kabla nyasi hazijakauka kabisa, limeni njia ya moto, yaani ukanda usio na nyasi wa kuzuia moto usipite, kuzunguka mpaka wote, na mkubaliane siku ya kuchoma na majirani wanaosafisha mikorosho yao, jambo ambalo kwa maoni yangu hufaa kuliko faini.

Sheria ndogo ziruhusu kuokota kuni kavu na uyoga, hata kuchimba ming'oko (viazi vya porini), mradi mchimbaji afukie shimo lake.