SOMO: Kung'arisha igizo la viungo la kundi (sekondari). Soma kwanza, ndipo uulize

Kila wiki ya maigizo ikikaribia napata ujumbe uleule: "Mwalimu, vijana wangu igizo wanalijua, ila likipanda jukwaani linapoa." Nimejibu hadi dole gumba limechoka. Naandika mara moja tu, ukiniuliza tena nitakuelekeza hapa.

Nazungumzia igizo ambalo maneno ni machache au hakuna, miili ndiyo inasimulia: mmoja anakuwa mlango, watatu wanakuwa daladala, kumi wanakuwa mafuriko. Kundi la watu wanane hadi kumi na wanne, dakika kumi hivi. Igizo liwe limeshatungwa. Kama bado, rudi baadaye.

1. Pasheni viungo. Dakika kumi. Mnajua.

2. Miguu peku au raba. Soksi hapana.

3. Rekodini kwa simu, mtazame bila sauti. Simu ikae pale atakapokaa mgeni rasmi, iegemezwe kwenye tofali, isiwafuatefuate. Kisha mwite mtu ambaye hajawahi kuliona, asimulie alichokiona. Sisi tulimwita mpishi wa shule. Wafiwa wetu, aliwaona ni watu wanatwanga mpunga. Tulicheka, halafu tukabadilisha mikono.

4. Punguza. Kila tendo liwe na mwanzo na kituo. Ugonjwa wa umri huu ni mkono usiofika: kijana anaanza kuchora mlima hewani, katikati anakumbuka shati limechomoka, mlima unaishia kiunoni. Mwambie afike, akae hapo nusu pumzi, ndipo atoke.

5. Pumzi moja. Wengi mnafundisha kwa kuhesabu, moja mbili tatu nne. Nami nilifanya hivyo miaka mingi. Shida ni kwamba watazamaji wakipiga makofi hesabu inapotea, na utaona midomo kumi inahesabu kimyakimya mbele za watu. Siku hizi natumia zoezi la dagaa. Kundi linasimama limebanana kwa umbo la samaki, yaani ncha mbele, tumbo katikati, ncha nyuma, wote wanatazama upande mmoja. Wa mbele anavuta pumzi hadi mabega yainuke, wote wanavuta naye. Akitoa pumzi anasogea, wote wanasogea. Akigeuka, aliye mbele kwa upande ule mpya ndiye kiongozi. Hakuna anayetangaza. Dakika tano kila siku kwa wiki mbili, bila muziki.

6. Mkazo. Jacques Lecoq, Mfaransa aliyekuwa mwalimu wa michezo ya viungo kabla ya kufungua shule yake ya maigizo Paris mwaka 1956, aliacha ngazi saba za mkazo wa mwili. Mimi nazifundisha hivi. Moja: mwili hauna nguvu, unaburuzwa. Mbili: unatembea ufukweni, huna haraka. Tatu: unafanya kinachotakiwa, basi. Nne: umesikia kitu. Tano: kitu chenyewe kipo nyuma ya mlango. Sita: hisia zinamwagika. Saba: umekaza hadi husogei. Igizo likipoa, mara nyingi vijana wote wamekaa ngazi ya tatu mwanzo hadi mwisho. Andika namba pembeni ya kila tukio, halafu wacheze namba.

7. Macho. Anayekodolea rafiki yake aliyekaa safu ya tatu, mwondoe katikati.

8. Kubebana. Hapa nendeni polepole, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Tulifanya mazoezi wiki tatu kwenye nyasi. Binti wa kidato cha tatu alikuwa anainuliwa na wenzake wanne awe mtumbwi. Siku ya onyesho, nyuma ya pazia, vijana walikuwa wanapitishiana kopo la mafuta ya mgando, mikono na miguu ing'ae kwenye taa. Niliwaona. Nikasema mmependeza. Walipomwinua, mkono wa mbebaji wa mbele uliteleza kwenye kifundo cha mkono wa binti kama sabuni ya kuogea, akaangukia kiwiko kwenye sakafu ya saruji. Ukumbi ulipiga makofi, walidhani ni sehemu ya igizo. Alikaa na hogo, yaani plasta ngumu ya mkono, wiki sita. Mama yake hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ulikuwa wapi?" Nilikuwa pembeni ya pazia, nimekunja mikono.

Kwa hiyo:
Mafuta ni marufuku siku ya onyesho, kuanzia kwapa hadi ncha za vidole.
Shikaneni kifundo cha mkono kwa kifundo cha mkono, si vidole kwa vidole.
Mbebaji achuchumae, anyanyue kwa mapaja. Mgongo si winchi.
Anayebebwa ndiye anayesema "tayari". Asiposema, hainuliwi, hata mgeni rasmi awe anasubiri.
Asipande juu ya mabega ya waliosimama. Kwangu mwisho ni kiunoni.
Wawili wasio na kazi wakae karibu na kichwa chake, hata kama wamevaa vazi la mti.
Fanyeni mara tano kwenye sakafu yenyewe ya onyesho. Nyasi zinadanganya.

9. Siku mbili za mwisho msiongeze kitu.

MASWALI

Kipenga: Mwalimu naomba skripti ya dakika 10 inboksi, tunaonyesha Ijumaa.

Mwandishi: Hapana.

Chaki_Moja: Somo zuri. Soksi je, ukumbi wetu una vigae vya baridi?

Mwandishi: Namba 2.

Ngoma_Nzito: Hilo la pumzi sikubaliani nalo. Ngoma zetu zote zina hesabu na hakuna anayepotea. Unaleta mambo ya Ufaransa.

Mwandishi: Mfaransa yuko namba 6, pumzi ni namba 5. Na ngoma zetu hawahesabu, wanasikiliza. Tazama bugobogobo ya Wasukuma: jembe linarushwa, linadakwa, hakuna anayesema "tatu". Ngoma inawapumulia. Igizo lisilo na ngoma linahitaji kitu kingine cha kuwapumulia, basi. Kama una mpiga ngoma mzuri, mtumie, sijakataza.

Ngoma_Nzito: Hapo nimekuelewa. Ila mpiga ngoma akae wanapomwona.

Mwandishi: Kweli kabisa. Na yeye awaone mabega, si miguu.

Mama_Bwalo: Shikamoo mwalimu. Nasimamia shule ya wasichana. Kuna binti mmoja kila mara anachelewa kidogo nyuma ya wenzake. Nimemrudisha safu ya nyuma ili asionekane, lakini sasa amezidi. Nimkosoe wapi?

Mwandishi: Marahaba dada. Usimkosoe kwanza. Anayechelewa mara nyingi si kwamba hana mapigo, anasubiri kuona wengine ndipo aende, na ukimpeleka nyuma umempa watu wengi zaidi wa kuwasubiri. Mweke ncha ya mbele kwenye zoezi la dagaa, siku tatu. Hatakuwa na wa kumfuata. Siku ya kwanza atatetemeka, wewe nyamaza. Pia muulize taratibu, faraghani, kama anaona vizuri kwa mbali. Mmoja wangu alikuwa anahitaji miwani tu.

Mama_Bwalo: Asante sana. Na wale ambao hawapendi kuguswa? Wengine kwao nyumbani ni jambo zito.

Mwandishi: Waulize kila mmoja peke yake, kabla ya kupanga, maana mbele ya kundi wote watasema sawa. Asiyependa anapewa kazi isiyo ya kugusana, na haulizwi sababu. Mpeni kanga: wawili wakishika pembe za kanga moja wanabeba "mtoto" bila kugusana, na picha inatoka nzuri kuliko mikono. Mwenye hijabu abane kwa pini ndogo pande zote mbili, ncha ya chini iingizwe ndani, isije ikavutwa.

Kipenga: Sasa hata ya dakika 5?

Mwandishi: Kaka, Ijumaa ni keshokutwa. Chukua tukio moja lililotokea shuleni kwenu, bomba la maji limekatika, chochote, lifanyeni picha mnato tano, yaani miili imeganda kama kwenye picha, muunganishe kwa pumzi. Ndiyo igizo hilo.

Kipenga: 🙏 Tunalo bomba kweli.

Taa_ya_Chemli: Mwalimu, bila mafuta vijana weusi kama sisi kwenye taa tunaonekana vumbi. Tupake poda?

Mwandishi: Poda nayo inateleza ikikutana na jasho. Usoni na shingoni pakeni mafuta kidogo kwa kitambaa, si kwa kiganja. Mikono ioshwe kwa sabuni ya kipande, ikaushwe kwa kanga kavu. Halafu lile kopo likae mfukoni kwako.